Maziko ya Kitaifa ya Chiriku

Jina la nchi hii silitaji. Si kwa woga, la hasha. Ni kwa adabu tu, maana wakubwa wake hawapendi itajwe pasipo kutanguliza sifa zake zote, na sifa zikianza kumwagwa hapa hadithi itakosa pa kukaa. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani, na kwamba amani hiyo hutangazwa redioni kila asubuhi kabla ya taarifa ya hali ya hewa. Asubuhi moja, amani ilipokwisha kutangazwa na kabla mvua haijafikiwa, Redio ya Taifa ilipiga wimbo wa maombolezo ikatangaza kifo cha Chiriku.

Chiriku alikuwa setilaiti. Alikuwa mdogo, wa kubebwa na mtu mmoja mwenye mgongo mzuri, na alikuwa mtoto wa kwanza na wa pekee wa Mkataba wa Mbingu Moja uliotiwa saini baina ya nchi hii na Nchi Rafiki. Nchi Rafiki nayo ina jina lake la kuzaliwa, ila Bunge lilipitisha sheria iitwe hivyo tu, asije mtu akasahau. Mkataba ulisema maneno mazuri: kwamba mbingu ni ya wanadamu wote, kwamba wakubwa na wadogo watapanda huko wameshikana mikono, na kwamba kila upande utatoa ulicho nacho. Basi Rafiki wakatoa roketi, kiwanda, na mitambo ya kumwongoza Chiriku huko aliko. Upande wetu ukatoa jina, mlima wa kuwekea dishi, ngoma za siku ya kurusha, na mhandisi mmoja aliyeitwa Siwatu Malenda.

Wengine walisikia tangazo lile wakaendelea kunywa chai. Siwatu alikaa chini sakafuni, jikoni kwake, akalia kama mtu aliyefiwa na mtoto. Alikuwa amemuunga Chiriku kwa mikono yake kiungo kwa kiungo, na alijua kwa nini. Huko kwao Bondeni, mto Mkuvia hufurika jua likiwaka, kwa sababu mvua huwa imenyesha mbali, kwenye milima ya nchi jirani, na maji hayapigi hodi. Tangu enzi za mababu, kila nyumba ya Bondeni ilikuwa na zamu ya kukaa juu ya jabali kuuangalia mto na kupiga pembe. Chiriku alipokwisha kurushwa, Siwatu alikwenda kwao akiwa amevaa fulana yenye picha yake, akasimama mbele ya watu akasema, "Pumzikeni sasa. Jicho liko juu. Maji yakianza kujaa kule milimani Chiriku ataniambia mimi, nami nitawaambia ninyi."

Baba yake mdogo, Mzee Ndaro, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha zamu. Aliona fahari. Alimwambia kila aliyepita kwamba wengine wana watoto walioko mjini, yeye ana mtoto mwenye jicho mbinguni. Misimu miwili Chiriku alisema kweli, watu wakahama kwa wakati, na pembe ikawekwa darini. Sasa msimu wa mvua ulikuwa unakaribia tena na jicho limefumba.

*

Katika nchi hii ipo desturi moja nzuri sana: mleta tanzia haulizwi maswali. Anayekuja na habari ya kifo hupewa kiti, hupewa maji, na hupewa pole kwa kutembea na mzigo mzito. Kumuuliza umejuaje, au umemwona lini, ni kumtukana. Kwa hiyo balozi wa Nchi Rafiki alipoingia wizarani na kusema, kwa uso wa huzuni, "Tumempoteza Chiriku," alipewa kiti. Akapewa maji. Waziri wa Anga na Vilivyomo, Mheshimiwa Kilungi Marijani, alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaagiza bendera zishushwe nusu mlingoti.

Mtu mmoja tu alikosa adabu. Mzee wa mjini aliyezoea kuosha maiti alipoitwa kwa ajili ya maandalizi, aliuliza, "Mwili uko wapi?"

"Mwili uko juu," akajibiwa.

"Sasa tunazika nini?"

"Tunazika heshima," akasema Katibu Mkuu, na kwa kuwa hata heshima haizikwi bila sanduku, wakatia ndani ule mfano wa mbao uliokuwa ukionyeshwa mashuleni, wakaufunika bendera mbili.

Msiba wa kitaifa unataka mfiwa mkuu. Waliojitokeza walikuwa wengi, kwa kuwa mfiwa mkuu hupewa gari na mtu wa kumshikia mwavuli. Hapo akasimama Profesa Habibu Lukanga, Mkuu wa Kituo cha Anga, mtu wa sauti ya taratibu na miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Ndiye aliyemfundisha Siwatu chuoni, ndiye aliyempigania apelekwe kiwandani ng'ambo, na Siwatu alimwamini kuliko alivyoiamini hesabu. Profesa akasema, "Mfiwa ni mmoja tu, waheshimiwa. Ni mwanangu Siwatu." Siwatu alipoambiwa alilia upya kwa kuheshimiwa namna ile.

Lakini mfiwa mkuu wa nchi hii hasemi, husemewa. Hukaa mkekani akiwa amejifunika kaniki, hagusi kazi, haendi alikokuwa akifanyia kazi na marehemu, na neno lake likihitajika hutolewa na aliyemteua. Kituo cha Anga kikafungwa kwa heshima ya marehemu. Dishi la mlimani likainamishwa uso chini na kuvikwa kitambaa cheusi, na polisi wawili wakawekwa kulilinda lisiinuke.

Siku ya maziko Waziri Marijani alihutubia mpaka walioshika sanduku wakaomba kulitua. "Wapo wanaosema Chiriku amekufa," alisema. "Mimi nasema amestaafu! Nani kati yetu aliwahi kustaafu akiwa juu kiasi kile? Ametuonyesha kwamba hata nchi ndogo inaweza kufiwa kwa kiwango cha kimataifa!" Watu wakapiga makofi, wakakumbuka kuwa ni maziko, wakayageuza kilio.

*

Matanga yalikuwa katika Ukumbi wa Mikutano, na yalikwenda vizuri. Chakula kilikuwa kingi. Ujumbe wa Nchi Rafiki ulifika mwishoni, umevaa suti nyeusi za kushonesha, ukiongozwa na kijana mmoja mchangamfu aitwaye Bwana Olvarek, aliyekuwa mgeni katika kazi ya ubalozi na hajajua bado lipi la kusema na lipi la kumeza. Alibeba kitu kikubwa kilichofungwa kwa karatasi ya kumetameta.

"Zawadi ya rambirambi," alisema kwa Kiswahili alichojifunza kwa bidii. "Mazishi yenu yalikuwa mazuri mno. Tumewaletea picha."

Karatasi ikachanwa. Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka juu, juu sana, na ilionyesha kila kitu: barabara kuu, msafara mweusi, mahema, hata sanduku lenyewe likiwa doa dogo la rangi za bendera. Ukumbi mzima ukasema aaah. Waziri alijitafuta akajiona, akafurahi.

Siwatu aliinua ushungi wa kaniki atazame. Kisha hakuweza kuushusha.

Siku alipokuwa akimuunga Chiriku, tone la gundi lilirukia ukingoni mwa kioo cha kamera. Walijaribu kulitoa wakaona watakwaruza kioo chote, wakaliacha. Tangu hapo kila picha aliyoituma Chiriku ilikuja na doa dogo pembeni juu, mkono wa kushoto, jeupe, lililopinda kama kipande cha ukucha. Profesa Lukanga alikuwa akitania kwamba hiyo ni alama ya chanjo ya mtoto. Na pale ukumbini, mbele ya baraza zima la mawaziri, juu ya mabati ya soko kuu, palikuwa na kipande cha ukucha.

Marehemu alikuwa amepiga picha ya maziko yake mwenyewe.

Furaha ndiyo iliyotangulia, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Yu hai! Kisha akili ikafuata nyuma ikihema. Kama yu hai, anazungumza na nani? Alimvuta Profesa upindo wa koti, akamnong'oneza, akamwonyesha ile alama kwa macho. Profesa aliitazama picha. Akavaa miwani, akavua.

"Nyamaza mwanangu," akasema. "Umeona sawa. Niachie mimi, nitalishughulikia."

Siwatu akanyamaza. Alishukuru hata kuwa na mtu kama yule. Profesa akavuka ukumbi, akainama sikioni mwa Waziri, wakaongea kitambo, na kabla wali haujapoa Redio ya Taifa ikatangaza mambo mawili: kwamba Siwatu Malenda amepandishwa cheo kuwa Mfiwa Mkuu wa Kudumu, na kwamba wananchi wamwombee, kwa kuwa huzuni imeanza kumwonyesha mambo.

*

Mtu mwingine angerudi mkekani. Siwatu alikwenda wizarani na kaniki yake, watu wakimpisha njia na kumpa pole ngazi nzima. Alimkuta Waziri Marijani chini ya ile picha, imekwisha kutundikwa.

"Mheshimiwa, Chiriku yu hai."

"Kwa mujibu wa nani?"

"Amepiga picha."

"Marehemu wengi huacha picha, mama."

"Ni picha ya maziko yake!"

Waziri akageuka akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuguswa. "Hiyo inaonyesha alivyoipenda nchi yake."

"Mheshimiwa, kuna watu Bondeni. Mvua zinakuja. Waliacha zamu za mto kwa sababu nilisimama mbele yao nikawaambia waache. Dishi likiinuliwa nusu saa tu nitajua Chiriku anaona nini kule milimani."

"Bibi Siwatu." Waziri alikaa. Hakuwa mkali, alikuwa mpole kama daktari anayejua mgonjwa hatapona. "Mtukufu Rais amemzika Chiriku kwa mkono wake. Ametupa udongo mara tatu. Leo uniambie amemzika akiwa mzima? Kufa ni jambo la kawaida, halihitaji kibali. Kufufuka kunahitaji kibali cha Baraza la Mawaziri, na Baraza liko likizo ya msiba."

"Basi waulizeni Rafiki wanamtumia kwa kazi gani!"

"Mleta tanzia haulizwi," akasema Waziri, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuona haya, kwa niaba ya Siwatu. Kisha akainama mbele, kama mtu anayetoa siri kwa upendo. "Wenzetu wamefungua shamba lao la ng'ombe ng'ambo ya Mkuvia, mkabala na kwenu. Ni ng'ombe wa gharama, wametoka mbali. Nao wanataka kujua habari za mto. Sasa, ushirikiano ni nini? Ushirikiano ni kugawana. Sisi tumepata msiba, na msiba wenyewe umetuletea wageni mashuhuri. Wao wamepata setilaiti. Kila mtu ametoka na chake."

Siwatu alitoka. Alijaribu kumpigia Profesa. Simu iliita, ikaita, ikakatwa. Alijua zile simu zinazokatwa kwa bahati mbaya na zile zinazokatwa kwa kidole. Alipigwa na kitu kibaya kuliko hasira, kitu cha baridi: kwamba alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, na mwenye kumvika ni yule aliyekuwa akimwita mwanangu.

*

Akaenda Bondeni. Alisafiri siku nzima, akalala kwa mwalimu mmoja njiani, akafika mchana wa pili, mbingu ikiwa safi haina hata wingu la kupangusia jasho. Redio ilikuwa imefika kabla yake.

Watu walimpokea uwanjani kwa vilio. Wanawake walimzunguka, wakamvua viatu, wakamkalisha mkekani. Mama yake mdogo, Bi Mashavu, mke wa Mzee Ndaro, alimkumbatia kichwa chake kifuani.

"Lia mwanangu. Lia tu, usiseme."

"Mama, sikuja kulia. Chiriku hajafa. Wamemchukua. Rudisheni zamu, leo hii, na wenye watoto wapande juu, kwa sababu sijui maji yako wapi!"

"Ndiyo mwanangu. Hajafa. Yumo moyoni mwetu."

"Hayumo moyoni, yuko juu! Anawafanyia kazi wale pale!"

Alinyoosha mkono ng'ambo ya mto, na mkono ukabaki hapo hapo. Kule kwenye shamba la Rafiki, juani kweupe, wachungaji waliovaa makoti ya manjano walikuwa wakiwaswaga ng'ombe kupanda mlimani. Walikuwa wakiwaharakisha. Trekta zilitangulia, matela yamejaa mashine na vyakula, na nyuma kabisa wanaume wawili walikuwa waking'oa pampu ukingoni mwa mto huku wakitazama upande yanakotoka maji.

Watu wa Bondeni ni wafugaji pia, japo wa mbuzi. Wanajua kwamba ng'ombe hahamishwi malishoni saa sita ya jua kali kwa mapenzi tu. Kilio kilikatika kinywani mwa mmoja, kisha mwingine. Hakuna aliyesema amemwamini Siwatu. Walisema, "Mbona wale wanapanda?" na wakaanza kukusanya watoto, na magodoro, na mitungi, na mbuzi.

Mzee Ndaro hakuinuka. Alikuwa amekaa kibarazani kwake akisuka kamba.

"Baba, twende."

"Twende wapi? Sijaambiwa."

"Nakuambia mimi, baba. Si nilisema nitawaambia? Haya, nawaambia!"

Akamtazama kwa huruma. "Siwatu, uliponiambia nilale ulikuwa na akili zako timamu, umesimama mbele ya watu, umevaa fulana nzuri. Hilo ndilo neno lako ninaloshika. Leo unaniambia ukiwa na msiba. Mwenye msiba hupewa pole mwanangu, hafuatwi."

"Lakini ng'ombe wale, baba, huwaoni?"

"Wale ni wageni. Wageni wana woga." Akaendelea na kamba yake. "Wewe tangulia na mama yako. Serikali ikitangaza, nitakuja. Mtoto wangu ana jicho mbinguni, nitaogopaje maji?"

Alimvuta mkono, akamvuta, mzee akacheka na kumwambia ana nguvu kama mama yake mzazi. Vijana wawili walikuja kumbeba, akawafukuza kwa fimbo. Siwatu alikuwa bado amemshika kanzu pale sauti ilipokuja, sauti kama ya malori mengi yanayopanda mlima, na Bi Mashavu akapiga kelele kutoka juu, na vijana wakambeba yeye Siwatu badala ya mzee, akipiga mateke.

Maji yalipita alasiri, jua likiwaka, yakaichukua Bondeni yote na Mzee Ndaro ndani yake.

*

Serikali ilitoa taarifa. Ilisema kwamba kwa kuwa chombo pekee chenye mamlaka ya kuthibitisha mafuriko ni marehemu, mafuriko ya Bondeni hayajathibitishwa. Wananchi wajiepushe na maneno ya mitaani. Ilipongeza shamba la Nchi Rafiki kwa kutopoteza hata ndama. Mwisho ilitangaza kwamba majadiliano ya Chiriku wa Pili yameanza, na kwamba safari hii nchi yetu itatoa milima miwili.

Mzee Ndaro alipatikana kwenye matete, akazikwa mlimani. Hapakuwa na bendera. Watu walikaa chini ya maturubai, wakapika walichookoa.

Profesa Lukanga alikuja siku hiyo hiyo ya maziko, kwa gari lenye nembo ya Baraza la Mbingu la Nchi Rafiki, ambalo alikuwa mjumbe wake mpya. Alitoa pole kwa Bi Mashavu kwa heshima zote, akavua viatu, akakaa mkekani karibu na Siwatu. Alikuwa amekonda kidogo. Siwatu aliona hivyo, akajichukia kwa kuona.

"Ulijua lini?" akamuuliza.

Profesa hakujifanya haelewi. "Tangu siku ya kumrusha," akasema. "Mitambo ya kumwongoza ilikuwa yao. Walituazima masikio tu, Siwatu. Iliandikwa mkatabani kwamba shamba lao likiwa tayari watayachukua. Nilikuona unacheza ngoma pale uwanjani, umefurahi mno, nikasema nisikuharibie siku."

"Na ukaniketisha mkekani."

"Ungesema ungefungwa. Mkekani ulikuwa salama. Nilikulinda."

"Na hawa?" Siwatu alinyoosha mkono kwa maturubai, kwa watoto waliolala juu ya magodoro yenye tope, kwa Bi Mashavu aliyekuwa akikunja kanzu ya mumewe, akiikunjua, akiikunja tena. "Hawa ulijua wamelala wakikutegemea?"

"Hapana, mwanangu," akasema Profesa. "Mimi sikuwaahidi kitu. Aliyewaambia walale ni wewe."

Alilisema kwa upole kabisa, akamshika bega kama baba, kisha akauliza kama chakula kimebaki, maana ametoka mbali.

Kilikuwa kimebaki, sufuria nzima. Siwatu akamwambia hakuna.